Michi Mitatu na Santuri ya Mzee Barnaba

Enzi zetu asubuhi haikuletwa na jogoo. Jogoo gani, wakati nusu ya kuku wa kijiji walikwisha kuliwa na kicheche? Asubuhi ililetwa na mchi. Umejikunyata mkekani, shuka umelivuta mpaka puani kwa baridi ya Newala ile ya mwezi wa saba, mara unasikia uani: du! ta-ta. Du! ta-ta. Hapo unajua mambo mawili. La kwanza, leo kuna ugali. La pili, ukichelewa kuamka yupo mtu atakuja kukuvuta mguu.

Anayeandika haya ni mtu wa darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa kuburuzwa. Leo nina mashine tano za kusaga na kukoboa, kuanzia Lisekese mpaka Chiwata, nina malori mawili yanayobeba korosho msimu ukifika, na nyumba yangu ya Masasi ina vigae mpaka chooni. Sikuachiwa urithi, sikubebwa na mtu. Nayasema haya ili muelewe kwamba anayewaambia anapenda muziki wa Kizungu wa fidla na vinanda si profesa wala padri, na Ulaya hajafika. Muziki wenyewe unaitwa walsi, ule wa mapigo matatu matatu ambao Wazungu wanaucheza wawili wawili wakizunguka kama pia. Wanangu wakiusikia kwenye gari wanasema, "Baba, hivi huo hauna maneno?" Nawaacha. Hawajui kwamba walsi niliijua kabla sijajua kusoma vizuri, na niliijulia uani kwa mama.

Kijiji chetu kilikuwa juu, ukingoni mwa uwanda. Wenzangu wa huko mnajua: ardhi ile inatoa korosho, inatoa muhogo na mbaazi, inatoa ming'oko ya kuchimba porini, ila maji haitoi. Maji yako chini bondeni, upande wa Kitangari, na mlima wake hauna huruma. Unashuka na ndoo tupu unaimba, unapanda na ndoo kichwani huimbi tena. Juu ya maji tulikuwa tunaweka tawi la majani ili maji yasichupe, na ukifika nyumbani shingo imeingia mabegani. Leo mwanangu wa mwisho nikimwambia aniletee maji kutoka kwenye friji, ananyoosha mguu kwanza, anauliza, "Ya baridi au ya kawaida?" Kisha anamtuma dada wa kazi.

Msimu wa mabibo tulikuwa tunakula mpaka midomo inawasha. Kaptula zetu zote zilikuwa na madoa ya mabibo, na doa la bibo halitoki, hata ufue kwa jivu. Mama akikuona unarudi na doa jipya hasemi kitu, anatazama tu mwiko uko wapi.

Sasa niwaeleze hicho kinu. Kwetu walikuwa wanatwanga watatu: Bibi Somoe, yaani mama yake mama, mama mwenyewe, na mdogo wake, mama mdogo Zainabu. Kinu kimoja, michi mitatu. Msidhani ni mchezo. Michi yote inaingia tundu moja kwa zamu, ukikosea zamu inagongana, na ikigongana ujue kidole cha mtu kimo katikati. Bibi alikuwa na mchi mzito. Yeye ndiye anayefungua, du, makopa, ule muhogo mkavu, yanapasuka. Mama anafuata na mchi wake, ta. Zainabu anamalizia na mwepesi, ta. Halafu Bibi tena. Wakikolea, mama alikuwa anauachia mchi hewani, anapiga kofi moja, anaudaka. Mimi nilidhani kila mama duniani anaweza hivyo.

Nyumba ya nne kutoka kwetu aliishi Mzee Barnaba, mpishi mstaafu. Alikuwa amempikia daktari mmoja wa Kizungu miaka mingi, na daktari alipoondoka akamwachia mashine ya santuri, ile ya kuzungusha kwa mkono, pamoja na sanduku zima la santuri zenyewe. Lori lililomleta mzee kijijini likazivunja zote. Ikapona moja, na hiyo moja upande wa pili ulikuwa na ufa. Kwa hiyo Mzee Barnaba alikuwa na mashine nzima kwa ajili ya wimbo mmoja. Sindano zilipomwishia alichonga miiba ya mlimau, na ikafanya kazi. Hakuwa na mtoto karibu wa kumtekea maji, akaweka sheria: ndoo moja ya maji, unasikia wimbo mara moja. Kikombe kimoja kikipungua, husikii.

Mara ya kwanza nilikuwa darasa la pili. Nikamimina maji kwenye pipa lake, nikakaa kizingitini. Mzee akazungusha mkono wa mashine, akashusha mwiba. Kwanza ilikuwa kama mafuta yanayochemka kikaangioni. Halafu, chini kabisa, nikasikia: du! ta-ta. Du! ta-ta.

Nilisimama. "Babu, kina nani hao wanatwanga?"

"Wanatwanga nini tena, Bakari?"

"Mle ndani. Wako watatu. Wa kwanza ana mchi mzito."

Mzee Barnaba alicheka mpaka akavua kofia. "Daktari alikuwa anacheza na mkewe sebuleni, mimi nawachungulia kutoka jikoni. Kutwanga sikuona." Ila hakunibadilisha. Fidla zilikuwa zinaimba juu, sawa, nani hajui kwamba watu wakitwanga wengine wanaimba? Chini yake kulikuwa na kinu. Nililisema hili mpaka shuleni. Mwalimu wetu, mtu wa Kilimanjaro, alipouliza Wazungu wana muziki gani, mimi nikanyoosha mkono: "Wana muziki wa kutwanga, mwalimu." Darasa zima lilianguka chini, na mimi nikala viboko viwili kwa kufanya utani. Siku hizi ukimchapa mtoto hata kwa kanga, anakuelezea haki zake.

Aliyeniamini ni Bibi peke yake. Wakati huo miguu ilikuwa imeanza kumvimba, anatwanga amekaa kigodani na mchi mzito bado hauachi. Akaniita. Bibi alikuwa ananiita mume, kama bibi wote wa kwetu.

"Mume wangu, hao watu wa kwenye sanduku, wanatwanga mahindi au makopa?"

"Sijui, Bibi. Hakuna harufu."

"Basi nataka niwasikie."

Kwenda hawezi, na mashine ya Mzee Barnaba ilikuwa haitoki nje ya mlango wake. Nikaenda kumwomba, nikaanza na shikamoo ya kupiga goti. Akasema ili itoke, ndoo tatu, siku moja. Wenzangu mnaoujua mlima ule hebu fikirieni, mtoto wa miaka kumi, kushuka na kupanda mara tatu. Nilipanda. Mpaka leo nikiwaambia watu mimi ni mtu wa kazi, siyo maneno, shingo yangu ni shahidi.

Mzee alikuja jioni, amevaa koti lake jeupe la upishi lenye vifungo vya shaba, mashine kaibeba mwenyewe kichwani. Meza hatukuwa nayo. Akakigeuza kinu chetu kifudifudi, akataka kuiweka juu yake.

"Barnaba," Bibi akamwonya, "kinu hakikaliwi."

"Hajakaa mtu, dada yangu. Kimekaa chombo."

Bibi akasikiliza amefumba macho. Kidole chake kilikuwa kinagonga goti. Wimbo ulipokwisha akatoa hukumu. "Mtoto hasemi uongo. Wanatwanga, na ni watatu. Ila kinu chao hakina kitu."

"Umejuaje, Bibi?"

"Mchi haukuti nafaka. Sikiliza, unateleza tu."

"Sasa kwa nini watwange kinu kitupu?"

"Wameshashiba hao, mume wangu. Na sisi siku tukishiba tutatwanga hivyo hivyo."

Tulicheka sote, hata mama, ambaye hakuwa mchekaji. Mabibo ya mwanzo yalipoanza kuanguka, Bibi Somoe akatutoka.

Arobaini ilipita, wageni wakatawanyika, na kinu kikabaki kimeinamishwa. Zainabu akakisimamisha siku moja, akatia makopa, akamwita mama. Wakaanza wawili. Ta-ta, kimya. Ta-ta, kimya. Pale pa kimya ndipo palipokuwa pa Bibi. Mama akausimamisha mchi ukutani, akaingia ndani, akajilaza kifudifudi.

"Dada," Zainabu akamwambia kutoka mlangoni, "tutakufa njaa na makopa tunayo?"

"Twanga wewe."

Zainabu peke yake alitwanga cha kuwatosha watoto, basi. Siku nyingine tulikula muhogo wa kuchemsha, siku nyingine unga wa kuomba kwa jirani. Mama alikuwa halii. Angelia ningejua ni msiba. Yeye alikaa tu, anachambua mbaazi zilizokwisha kuchambuliwa, chakula akikisogeza kwetu. Gauni likaanza kumning'inia. Mimi mtoto nilifanya hesabu yangu: Bibi kaondoka, na mama anamfuata polepole, na hakuna anayeliona isipokuwa mimi. Asubuhi nilikuwa naamka kabla ya jua nasikiliza uani. Uani hakuna kitu.

Niliendelea kumpelekea Mzee Barnaba maji, mara nyingine ndoo mbili, nasikia wimbo ule mara mbili, na vidole napiga ubavu wa ndoo. Akaniuliza, "Wewe unatafuta nini humu ndani kila siku?" Nikamwambia nataka kujua pigo la tatu linaingia wapi. Hakucheka safari hii. Akauanza wimbo upya bila kudai maji, na mzee yule kuacha maji yake lilikuwa jambo kubwa.

Shida ilikuwa moja. Kiangazi kile kile nilikuwa nimetoka jando. Mnajua tulivyofundwa. Mwanamume hakai jikoni, mwanamume hashiki mchi, mchi ni wa wanawake na mwanamume akiushika kajirudisha mwenyewe utotoni, tena utoto wa kike. Na mwenye neno la mwisho juu yangu alikuwa mjomba Athumani, kaka yake mama, maana kwetu mjomba ndiye baba wa pili, na mara nyingine ndiye wa kwanza.

Asubuhi moja, jua limeshatoka, wanawake wanapita na ndoo kwenda bondeni, nikakisimamisha kinu katikati ya ua. Nikatia makopa. Nikauchukua mchi wa Bibi, nikaunyanyua kwa mikono miwili, nikaushusha. Ulipiga ukingo, ukanitoka, ukaniangukia mguuni.

Mama akatoka ndani mbio. "Bakari! Weka chini! Juzi umetoka jando, unataka watu waseme nimezaa mwali?"

Na watu walikuwa wameshasema. Hamisi, tuliyekuwa naye jandoni, alikuwa amesimama kwenye ua wetu wa miti anaita wengine. "Njooni muone! Mwali anatwanga! Mwali, unachezwa lini ngoma tuje?"

Machozi yalikuwa yananitoka, ya mguu na ya Hamisi, lakini mchi sikuuweka chini. "Mama, huu ni mzito, siuwezi. Huu ni wako. Mimi nipeni ule wa mwisho."

Zainabu ndiye aliyeelewa. Aliuchukua mchi wa mama pale ukutani, akanipa mimi ule mwepesi wake, akasimama upande wake wa kinu akasubiri. Ukabaki mchi wa Bibi peke yake, nikauegemeza kwenye kinu. Mama akautazama. Katikati ulikuwa unang'aa, pale mikono ya Bibi ilipoulainisha mti miaka yote. Akachukua pembe ya kanga, akapafuta vumbi taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Nikafikiri ataingia ndani tena.

Du!

Ta, akajibu Zainabu. Mimi nikachelewa, nikapiga juu ya wa mama, naye akang'aka: "Angalia!" Tukaanza tena. Du! Ta. Nikauwahi. Tena. Nikawahi tena. Mle kichwani nilikuwa na fidla zote za Mzee Barnaba, na chini yake tulikuwa sisi. Sikumtazama Hamisi. Nilikuwa natazama tundu la kinu na miguu ya mama, na miguu ya mama ilikuwa imesimama imara.

Nilipoinua macho, mjomba Athumani alikuwa amesimama nyuma ya Hamisi, jembe begani. Nikajua nimekwisha. Zainabu naye akapunguza. Mama peke yake hakupunguza, akapiga du kama kwamba haoni mtu, na sisi ikabidi tufuate. Mjomba akasimama muda mrefu. Alimtazama mama, sio mimi.

"Nani anapiga la tatu?" akauliza, wakati anaona.

"Mimi, mjomba."

"Kaza mkono. Unamchelewesha mama yako." Kisha akamgeukia Hamisi. "Na wewe, bwana mkubwa, kwenu leo mmepika?"

Mchana ule mama alikula. Hakula sana. Alikula matonge manne, nami nilimtazama kila tonge mpaka akaniambia, "Kula chako." Nilitwanga nao mpaka mvua za masika, na hao waliokuwa wananiita mwali leo wananiita bosi, Hamisi akiwa wa kwanza, ndiye dereva wangu wa lori.

Mengine mnayajua. Nilishuka Masasi kubeba magunia kwenye mashine ya mtu, nikalala kando ya injini, nikaijua kwa sikio kabla ya kuijua kwa mikono. Nikanunua mbovu, nikaifufua. Mashine yangu ya kwanza kuifunga niliifunga kijijini kwetu, na mama alikuwa wa kwanza kwenye foleni, makopa yake kwenye ungo, anajifanya hanijui. Wiki mbili baadaye asubuhi ya kijiji chetu ilikuwa kimya. Hakuna aliyelalamika. Mwanamke gani atalalamika kupumzishwa mchi? Hata mimi nilijivuna, na bado najivuna. Ila ukweli usemwe: vinu vya kwetu nilivinyamazisha mimi.

Jina la muziki ule nililipata ukubwani, Dar es Salaam, nimepeleka korosho. Nimekaa hotelini nakunywa chai, jamaa pembeni anapiga kinanda, mara du, ta-ta. Si wimbo ule, ndugu yake. Chai iliniunguza. Nikamwendea, nikamuuliza hii ni nini. "Walsi, mzee." Nikamuuliza ni kweli hawatwangi? Akanitazama kama nimelewa. Tangu siku hiyo nimenunua kila walsi niliyoipata, ziko kwenye flashi, zaidi ya mia, na redio ya kuzipigia hakuna mwenye kubwa kama hiyo mtaani kwetu. Santuri ya Mzee Barnaba aliniachia mwenyewe kabla hajafa. Nimeitundika sebuleni. Wageni wanadhani ni saa iliyoharibika.

Mama yuko kwangu sasa. Kazeeka, maneno yamempungua, siku nyingine ananiita Athumani. Zainabu tulimzika. Mwezi uliopita binti yangu Rehema alikuja likizo kutoka Dodoma. Nimemsomesha mpaka digrii, mjue, mimi wa darasa la saba. Kaja na kucha ndefu kama miiba ya Mzee Barnaba, na vile vidude vya masikioni ambavyo ukimwita mara tatu anajibu ya nne. Kinu cha Bibi, nilichokitoa kijijini kwa lori, alikwisha kukipanda maua barazani. Anasema ameona kwenye simu, ndiyo mtindo.

Jumapili ile niliweka walsi, mlango wazi. Mama alikuwa barazani. Nikaona kidole chake kinagonga goti.

"Wanatwanga hao," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kinu kiko wapi?"

Nilikishika kinu kile, nikamwaga maua na udongo wake kwenye vigae. Rehema alipiga kelele, "Baba!" Nikaleta michi mitatu kutoka stoo. Mama akanyanyuka kwa kunishika bega, na mkono ukaenda wenyewe kwenye ule mzito, pale panapong'aa. Nikachukua wa mwisho. Ukabaki wa katikati.

"Njoo," mama akamwambia Rehema. "Wa pili hayupo."

Rehema akatoa vidude masikioni, akaushika mchi kama mtu aliyepewa nyoka, akachungulia ndani ya kinu. "Bibi, mbona hamna kitu? Tunatwanga nini?"

"Hatutwangi kitu," mama akasema. "Tumeshashiba."

Aliuinua mchi shibiri moja tu, akauachia. Tukaenda mizunguko minne. Wa tano Rehema akaugonga mchi wangu, ukucha ukaruka mpaka uani, na mama akacheka, yeye asiyekuwa mchekaji.

Vijana wa leo wanapata kila kitu, na sitawanyima, mengine nimewaletea mwenyewe. Unga wa siku hizi ni mweupe na laini, nani abishe, mimi ndiye ninayeusaga. Ila enzi zetu unga uliusikia kabla ya kuuona, ukiwa bado mkekani, na ukajua ni mikono ya nani.